Mwaka Tulioombea Namba Kumi na Sita

Wiki iliyopita kazini nilikuwa namchua magoti bibi mmoja ninayemhudumia. Nilipofungua kopo la dawa, harufu kali ya kafuri na mnanaa ikanipanda puani, machozi yakanitoka, na bibi akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimekumbuka goti la dada yangu. Akacheka, akadhani namtania.

Ninyi wenzangu mliokulia huku Kanada mtanielewa. Kila familia ilikuwa na harufu yake, na wengine tulijitahidi sana isitufuate shuleni. Sisi tulipanga chini ya nyumba ya watu huko Malton, karibu na uwanja wa ndege, madirisha yakiwa usawa wa nyasi, na kwetu palinuka maharagwe, makoti yaliyolowa theluji, na, majira mamoja ya baridi, dawa ile ya kuchua. Ndege zilipita juu ya paa, chini kabisa. Mama akiwa anasali alinyamaza katikati ya neno, akaiacha ndege ipite, kisha akaendelea pale pale alipoachia, kana kwamba Mungu naye alikuwa amesubiri.

Dada yangu anaitwa Furaha. Sisi watu wa Bukavu, Kongo, humwiti mkubwa wako kwa jina tupu, kwa hiyo kwangu alikuwa Yaya, yaani dada mkubwa, kama vile baba alivyokuwa Papa. Mimi nilikuwa Kadogo. Yaya alinizidi miaka kumi na mbili, na kwa urefu alinizidi hivi kwamba nikiwa na miaka kumi bado nilizungumza na mkanda wake. Alikuwa amefika Kanada akiwa binti wa sekondari asiyejua Kiingereza wala mpira wa kikapu. Mwalimu mmoja wa michezo alimwona akichukua kitabu kwenye rafu ya juu bila kunyanyua visigino, na mambo yakaanzia hapo. Miaka michache baadaye chuo kidogo ng'ambo ya mpaka, Marekani, mwendo wa saa sita kwa gari, kikamwita akacheze na kumlipia masomo yote.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa wake wa mwisho. Walianza vizuri kupita kiasi. Kabla ya Krismasi timu yao iliwafunga wenyeji wa vyuo viwili vikubwa, vyuo ambavyo viwanja vyake vina viti vingi kuliko watu wa mji wao. Kisha, mwaka mpya ulipoanza, Yaya aliruka kudaka mpira, akatua juu ya mguu wa mtu, na goti likageuka.

Alirudi nyumbani kwa wiki moja. Alilala kitandani kwangu, miguu ikining'inia nje, mimi nikilala kwenye godoro chini, na kazi yangu ikawa kumchua asubuhi na jioni. Goti lilikuwa limevimba kama boga. Nilichua nikiwa nimekunja uso kama daktari.

Siku ya tatu Papa aliingia kutoka zamu. Alipakia mizigo ya ndege, na miaka miwili kabla ya hapo mgongo wake ulikuwa umeumia. Tangu hapo alikaa chini kwa awamu, kwanza mkono kwenye meza, kisha pumzi, kisha kiti.

"Daktari amesema hakuna kilichokatika," Yaya alimwambia. "Nikipumzika wiki kadhaa, nitacheza mwishoni mwa msimu."

"Daktari wa nani? Wa timu?"

"Papa."

"Nakuuliza. Nchi hii inakula mwili wa mtu taratibu, tena kwa adabu. Inakupa asante, inakupa barua, halafu unashindwa kufunga kamba za viatu vyako. Utamaliza shule ukiwa umekaa kwenye benchi. Shahada watakupa hata ukikaa."

"Ni mwaka wangu wa mwisho."

"Mwaka wa mpira. Goti ni la maisha."

Yaya akalifunika goti. Wiki ilipokwisha alipanda basi akarudi chuoni, na wawili hao wakaacha kusemeshana. Yaya alipopiga simu Jumapili, Mama aliweka sauti kubwa ili sote tusikie, na Papa akainuka kwenda kutazama mapipa ya taka. Sijawahi kuona mapipa yaliyotazamwa namna ile.

Bila yeye, timu ilifungwa. Ilifungwa nyumbani, ikafungwa ugenini, ikafungwa na watu ambao mwaka uliotangulia ilikuwa ikiwafunga kwa urahisi. Ligi yao ilikuwa na vyuo vinane, na kufikia mwisho wa Februari wao walikuwa wa sita. Mimi nilijua yamekwisha. Lakini Jumapili moja Yaya alipiga simu akiwa na sauti tofauti, akasema daktari amemruhusu, na wiki inayofuata ni mashindano ya ligi.

"Si mmeshafungwa?" nilimuuliza kwa Kiingereza, maana siku hizo Kiswahili nilikisikia tu, sikukijibu.

Akanieleza taratibu. Ligi kubwa, alisema, hupeleka timu nyingi kwenye mashindano ya taifa, hata zile zilizoteleza njiani, kwa sababu kamati inazijua na kuziheshimu. Ligi ndogo kama yao hupeleka moja tu, na hiyo moja si ile iliyoongoza msimu. Ni ile inayoshinda mashindano ya siku tatu mwishoni.

"Hata kama imefungwa mara nyingi?"

"Hata kama imefungwa mara zote, Kadogo. Siku hizo tatu zinafuta yote. Halafu kamati inakaa, inapanga timu kwa namba, kanda nne, kila kanda moja mpaka kumi na sita. Watoto wa ligi ndogo kama sisi kwa kawaida hupewa kumi na sita."

Yeye alisema kumi na sita kwa kuhema. Mimi niliisikia kama tarumbeta. Wiki ile ile nilikuwa nimepata kumi na nane kati ya ishirini kwenye mtihani wa tahajia, na mwalimu alinibandikia nyota. Nilijua alama zinavyokwenda. Hata ile namba sita waliyopangiwa kwenye ligi yao ya timu nane niliiona si haba: sita kati ya nane, mtu anafaulu.

"Mama!" nilikimbilia jikoni. "Yaya wakishinda watapata kumi na sita!"

"Kati ya ngapi?"

"Kumi na sita."

Mama aliweka mwiko chini. "Yote? Jina la Bwana libarikiwe."

Hakuwa na sababu ya kunitilia shaka. Barua za shule, za benki, za mwenye nyumba, zote nilimsomea mimi. Kwa hiyo Jumatano, kina mama wa maombi walipokutana kanisani, alipeleka ombi hilo, na kiongozi wao, Mama Riziki, mwanamke mfupi mwenye sauti ya watu watatu, akalipokea kama askari anayepokea bunduki.

"Baba wa mbinguni," aliomba, huku wengine wakiitikia, "hatutaki kumi na tano! Hatutaki kumi na nne! Wewe si Mungu wa nusunusu! Mpe Furaha kumi na sita kamili!"

Nikasema amina hadi koo likaniuma.

Alhamisi walicheza na timu ya tatu katika ligi. Mama na mimi tulitazama kwenye kompyuta ya shule niliyoruhusiwa kuja nayo nyumbani, juu ya meza ya jikoni, picha ikiganda kila mara Yaya akiwa hewani. Alikuwa amefungwa kitambaa kinene gotini na alikimbia kwa kuchechemea kidogo, kama mtu mwenye kokoto kiatuni. Walishinda. Ijumaa walikutana na timu ya pili. Katikati ya mchezo Papa alipita akitafuta chupa yake ya chai. Aliitafuta nyuma ya viti vyetu kwa dakika ishirini, na chupa ilikuwa mkononi mwake. Walishinda tena.

Jumamosi ndiyo ilikuwa fainali, na Papa alikuwa na zamu. Saa saba mchana, mechi ikikaribia, alitoka chumbani amevaa fulana ya nyumbani.

"Huendi kazini?" Mama akauliza.

"Nimebadilishana na mwenzangu. Mgongo."

Akavuta kiti. Mkono mezani, pumzi, kiti.

Wapinzani walikuwa walioongoza ligi. Msimu mzima walikuwa wamepoteza mchezo mmoja tu ndani ya ligi, na walicheza kama watu wanaojua hivyo. Papa alitazama mpaka mapumziko, kisha akaniuliza, "Hawa ndio walioshinda miezi yote?"

"Ndiyo."

"Na leo wakifungwa?"

"Hawaendi. Tunakwenda sisi."

Akatikisa kichwa. "Si haki. Mtu alime miezi minne, mvua ya siku moja imnyang'anye shamba?"

Mama hakuondoa macho kwenye kioo. "Sisi tulitoka Bukavu kwa siku moja, Papa Furaha. Siku moja ilichukua kila kitu. Leo acha ilete."

Papa akasogeza kiti karibu na kioo.

Zilipobaki sekunde chache, Yaya na wenzake waliongoza kwa pointi moja, na mpira ulikuwa mikononi mwa wapinzani. Nyota wao, msichana mpana wa mabega, akapita mlinzi wa kwanza, akapita wa pili, akaja moja kwa moja kwenye kikapu kama lori lililokatika breki. Yaya angeweza kuruka. Kila mtu alitegemea aruke, mrefu vile. Badala yake alikita miguu yote miwili sakafuni, akafunga mikono kifuani, akangoja.

Aligongwa akaanguka chali, na picha ikaganda.

Nakumbuka kioo kile kilichoganda kuliko picha yoyote niliyowahi kutundika ukutani. Yaya chini, goti moja limekunjwa juu, refa akiwa na firimbi mdomoni. Papa alikuwa amesimama. Hakushika meza, hakuvuta pumzi, alisimama tu kama kijana. "Inuka," alisema kwa sauti ndogo. "Inuka, mama. Inuka, mama yangu."

Picha iliporudi, refa alikuwa ameelekeza mkono upande mwingine. Kosa lilikuwa la mshambuliaji, kwa kumgonga mtu aliyesimama mahali pake. Mpira ulikuwa wetu. Wenzake wanne walikuwa wanamvuta Yaya mikono, naye alikuwa anainuka, anacheka, anainuka.

Mama alipiga kelele hadi mwenye nyumba akagonga sakafu huko juu. Mimi niliruka mpaka nikagonga kichwa kwenye bomba. Lakini nilimwona pia yule msichana mpana wa mabega akikaa pale pale chini, amefunika uso kwa fulana yake, na nilijua kwamba hakuwa amefanya baya lolote isipokuwa kuwa bora kwa miezi minne na si kwa siku tatu. Nilimhurumia kwa muda wa pumzi moja. Kisha nikarudi kuruka.

Baada ya saa moja Yaya alipiga simu. Mama aliweka sauti kubwa, tukasubiri kumwona Papa akienda kwenye mapipa. Akanyoosha mkono. "Nipe."

"Furaha."

"Papa?"

"Goti vipi?"

"Linauma."

"Linauma vipi?"

"Kama goti la mtu aliyeshinda."

Papa alicheka mpaka akalazimika kukaa, na simu ikapokonywa kwa sababu hakuwa anasema kitu kingine.

Siku moja baadaye kamati ilikuwa inatangaza namba kwenye televisheni. Tulikusanyika kwenye ukumbi wa kanisa, chai na mikate ya kukaanga mezani, kina mama wa maombi wote mstari wa mbele na vitambaa vyao vya Jumapili. Kanda ya kwanza ilitangazwa, na namba kumi na sita ikaenda kwa watu wengine. Mama Riziki akafumba macho na kuongeza kasi ya midomo. Kanda ya pili, kumi na sita ikaenda tena kwa wengine. Mistari kadhaa chini yake, jina la chuo cha Yaya likatokea. Kando yake paliandikwa kumi na tatu.

Kwenye kioo ilionekana timu nzima ya Yaya ikirukiana, viti vinaanguka, kocha analia. Nami nikaangua kilio.

"Tumepungukiwa tatu!" nilisema, kwa Kiswahili, mbele ya watu wote. "Tumepungukiwa alama tatu!"

Ukumbi ukapoa. Mama Riziki alifungua macho. "Labda kuna mtu hapa alinung'unika," alisema kwa huzuni, akitutazama mmoja mmoja.

Hapo Papa alicheka kwa mara ya pili wiki ile. Akaingiza mkono mfukoni mwa koti la kazini, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, laini kwa kukunjuliwa. Ilikuwa ratiba ya timu ya Yaya ya mwaka mzima, na kando ya kila mchezo pameandikwa kwa penseli matokeo. Michezo yote. Hata ile ya wiki ambazo hakumsemesha. Mwenzake wa kwenye mizigo, mpenzi wa mpira, alikuwa anamsomea habari kila mapumziko ya chai.

"Kadogo, njoo," aliniambia. "Namba moja ndiye mkubwa. Kumi na sita ndiye mnyonge kuliko wote, anapelekwa kwa namba moja akaliwe. Kumi na tatu ni bora kuliko kumi na sita." Kidole chake kikapanda juu ya karatasi. "Wale wa kamati wameona hawa wawili wakubwa tuliowafunga kabla ya Krismasi. Wameona hapa tulifungwa kwa sababu Furaha hakuwepo. Wameona amerudi, na jana tumemwangusha wa kwanza wa ligi. Siku tatu hizi hazikutuingiza tu. Zimetupandisha."

Alisema tuliowafunga, si waliowafunga. Mama alilisikia hilo kabla yangu, akageuza uso.

"Kwa hiyo wiki nzima tuliomba mabaya?" Mama Riziki akauliza.

"Mliomba mabaya kwa moyo wote."

"Na Mungu?"

"Mungu anajua Kiingereza," Papa akasema, na ukumbi ukalipuka.

Kuna jambo moja zaidi ambalo namba ile ilitupa. Namba kumi na tatu hucheza na namba nne, na wale wa juu huchezea uwanjani kwao. Namba nne wa kanda ile alikuwa katika mji wa ng'ambo ya daraja, saa mbili tu kutoka Malton. Mama hakuwa amewahi kumwona Yaya akicheza kwa macho yake, hata mara moja. Daima palikuwa na zamu, au nauli, au karatasi za uhamiaji. Sasa tulikuwa na pasipoti mpya za Kanada zisizo na muhuri hata mmoja. Jumamosi asubuhi Papa aliazima gari la kanisa, tukapanda sisi watatu na Mama Riziki, ambaye alisema hawezi kuachia kazi njiani.

Uwanja ule ulikuwa mkubwa kuliko uwanja wowote niliowahi kuingia, na watu wote walivaa rangi moja, isiyo yetu. Yaya alitoka na wenzake kupasha misuli. Mama alimtazama kwa muda mrefu akikimbia, akipinda, akiruka.

"Ni mkubwa hivi?" alinong'ona, kama mtu aliyemzaa akiwa amefumba macho.

Mchezo wenyewe nimeusahau kwa vipande. Nakumbuka tulikuwa nyuma, kisha tukakaribia, kisha wale watu wa rangi moja wakaanza kukaa ukingoni mwa viti vyao. Nakumbuka msichana mdogo wa timu yetu akifunga kutoka mbali mara mbili mfululizo. Na nakumbuka dakika ya mwisho, Yaya alipodaka mpira chini ya kikapu katikati ya mikono mitatu, akageukia mguu ule ule mbovu, akaupandisha mpira kwenye kioo cha nyuma ya kikapu, ukaingia. Uwanja mzima ukanyamaza. Ndani ya ukimya ule Mama akasimama akapiga vigelegele.

Maelfu ya watu waligeuka. Huko chini Yaya alikuwa anarudi nyuma kwenda kulinda, na bila kututazama alinyanyua mkono mmoja juu, vidole vimekunjuliwa. Alijua. Hakuna mtu mwingine kwenye uwanja ule aliyekuwa na mama mwenye sauti ile.

Tulishinda. Namba kumi na tatu ilimfunga namba nne kwake, mbele ya watu wake. Siku mbili baadaye namba tano walitutoa, na Yaya alilia, akahitimu, na leo anafundisha watoto wa watu kusimama imara wanapogongwa. Lakini mchana ule alipanda ngazi mpaka tulipoketi, jasho likimtiririka, akasimama mbele ya Papa. Papa hakumkumbatia kwanza. Aliinama, na mgongo ule, akaliweka goti lile katikati ya viganja vyake viwili, akalishika hivyo hivyo. Kisha ndipo akainuka.

Jioni tulifika darajani kurudi. Mahali popote penye dirisha na mtu mwenye sare, Papa alizoea kunisogeza mbele nimsemee, na nilikuwa tayari nimeegemea kati ya viti. Afisa alizitazama pasipoti, akauliza tulikwenda kufanya nini.

Nilifungua mdomo. Papa akanyanyua kidole, akateremsha kioo mpaka mwisho.

"Binti yangu," alisema kwa Kiingereza chake cha kwenye mizigo, neno moja moja, "ni namba kumi na tatu. Leo amemfunga namba nne."

Afisa alinitazama mimi, akitaka tafsiri. Nikanyamaza. Kwa hiyo Papa akatoa karatasi yake, akaikunjua juu ya usukani, akaanza kumweleza tangu mwanzo: vyuo vinane, goti, wa sita, siku tatu. Magari nyuma yetu yakaanza kupiga honi. Papa hakuharakisha. Alikuwa ndiyo kwanza amefika nusu fainali.